Printa ni Bei ya Kutupa, Wino ni Bei ya Damu: Hivi Ndivyo Mashine za Keja Hukula Doo Yako

Kuna vitu mbili kwa keja zenye zinaweza kufanya msee mpole, msee wa kanisa kabisa, atoe matusi ya stage. Ya kwanza ni printa. Ya pili ni mausi. Una fomu ya paspoti umejaza kwa eCitizen, kesho mangware unatakiwa Nyayo House, unabonyeza kuprinti, alafu printa inakuambia haina karatasi na karatasi iko hapo inakuangalia. Ukijaribu kufunga huo ujumbe, mausi inaklik mara mbili badala ya moja na kukufungia fomu yote.

Wengi hudhani ni bahati mbaya, ama ni vile walinunua mashine mbovu. Zi. Karibu kila kisirani cha printa na mausi kiko na sababu yake, na ingine si ajali. Na kwa sababu sai mahasla wengi wanataka kununua printa wafungue kakazi ka kuprinti hapo mtaani, ama wako chuo na wamechoka kupanga foleni saiba, hii stori ni ya doo yako. Ukielewa vile huu mchezo unachezwa, utajua ni printa gani ya kununua, ni gani ya kuhepa, na wakati gani heri ushikilie ile kinde yako uende tu saiba.

BEI YA DUKANI SI BEI YA PRINTA

Tuanze na kile kitu kinauma zaidi. Unaingia duka pale Moi Avenue, unapata printa ndogo ya wino, inaprinti, inaskani, inatoa fotokopi, na bei yake ni kama ya viatu poa. Unafurahi. Unabeba kwa mat hadi keja. Baada ya wiki kadhaa wino inaisha, unarudi duka kununua katriji, alafu unaambiwa bei unashangaa kama muuzaji ameskia vibaya. Katriji mbili, ya nyeusi na ya rangi, zinakaribia bei ya printa yenyewe.

Hiyo ni biashara ya zamani sana: uza mashine bei ya chini, alafu rudisha doo kwa ile kitu lazima mteja anunue tena na tena. Watengenezaji wa wembe walishaielewa kitambo. Kwa printa za bei ya chini, faida haiko kwa ile boksi umebeba. Iko kwa wino.

Na hawafichi. Januari 2024, mkubwa wa HP wakati huo, Enrique Lores, aliongea kwa runinga ya CNBC akaeleza kwamba kila mteja anaponunua printa, kampuni huwa imewekeza kwa huyo mteja. Kama huyo mteja haprinti ya kutosha, ama hanunui wino yao, basi huo ni uwekezaji mbaya. Akasema pia wanataka kuprinti kuwe kitu ya kulipia kila mwezi. Soma hiyo tena pole pole. Ulidhani wewe ndio umenunua printa, kumbe printa ndio imekununua.

PIGA HESABU YA UKURASA MMOJA

Kwa hivyo swali la kuuliza duka si "hii printa ni ngapi?" Swali ni "katriji ya hii printa inatoa kurasa ngapi, na inauzwa ngapi?" Gawanya bei kwa kurasa. Hiyo tu.

Chukua katriji ndogo za HP zenye zimejaa Nairobi, kama namba 123 ama 305. Kampuni yenyewe inasema ile nyeusi ya kawaida inatoa karibu kurasa 120. Si 1,200. Ni 120. Na hizo ni kurasa za kupimia, zenye maandishi kidogo. Ukiprinti notsi zenye zimejaa picha na michoro, unapata chini ya hapo.

Sasa tuweke bei za mfano, wewe utabadilisha na zile utapata duka. Tuseme katriji ni thao mbili. Gawanya kwa 120, ukurasa mmoja unakuwa karibu bob 17, na hujahesabu karatasi. Saiba ya mtaa ikichaji kinde, yaani bob 10, na karatasi ni yao, stima ni yao, na kisirani pia ni chao, basi wewe unaprinti nyumbani bei ya juu kuliko ya saiba. Unalipa zaidi ndio uteseke mwenyewe.

Upande ule mwingine kuna printa za tangi, zile za kumwaga wino kutoka kwa chupa. Epson walianza kuziuza Indonesia mwaka wa 2010, ju huko watu walikuwa wameshachoka na katriji, wakaanza kutoboa printa na kuziunganisha na chupa za wino kwa mirija. Kampuni ikaona heri iwauzie hiyo kitu ikiwa imetengenezwa poa. Leo ukiingia saiba yoyote kutoka Kayole hadi Kisumu, kuna uwezekano mkubwa utapata Epson ya L imeketi hapo juu ya meza. Chupa moja ya wino nyeusi ya hizo mashine hutoa kurasa zaidi ya 4,000. Ukiinunua tuseme 1,200, wino ya ukurasa mmoja haifiki hata senti 30.

Mbona sasa kila mtu asinunue ya tangi? Ju hapo mchezo umegeuzwa: mashine yenyewe ni ghali. Tuseme ni 25,000. Ukitoa karatasi na wino, kila ukurasa unakugharimu kama bob moja na nusu, so kila ukurasa unaokoa bob 8 na nusu ukilinganisha na saiba. Ndio urudishe ile 25,000, unahitaji kuprinti karibu kurasa 3,000. Msee wa kurasa 50 kwa mwezi atangoja miaka 5. Msee wa kurasa 300 kwa mwezi anarudisha doo yake kwa miezi 10. Hiyo ndio tofauti ya printa ya biashara na printa ya kukusanya vumbi.

KACHIPU KADOGO, MLINZI WA GETI

Mkenya akiona wino ya kampuni ni ghali, akili inakimbia mahali pengine: kujaziwa na fundi, ama kununua ile ya jina lenye hulijui. Na hapo ndio unakutana na chipu.

Katriji nyingi za siku hizi ziko na kachipu kadogo ka rangi ya shaba. Hako kachipu huongea na printa. Huiambia "mimi ni wa kampuni" na pia huhesabu kurasa. Printa ikiona chipu hailijui, inagoma. Na kuna zenye zinagoma hata kama zilikuwa zinaikubali jana, ju printa ikiwa kwa intaneti inajivutia programu mpya kutoka kwa kampuni, na hiyo programu inabadilisha sheria.

Hii si story za jaba. Tarehe 13 Septemba 2016, watu wengi wenye printa za HP OfficeJet waliamka wakapata mashine zao zimeanza kukataa katriji za makampuni mengine, siku moja. Kelele ikapigwa, HP wakaomba msamaha vile waliwasiliana na wateja, wakatoa programu ya kurudisha mambo kwa wenye walitaka. Lakini huo mfumo wenyewe haukuisha. Uko hadi leo kwa printa zao nyingi.

Marekani hii vita imefika hadi korti kubwa zaidi ya nchi. Lexmark walishtaki kampuni ndogo inaitwa Impression Products ju ya kujaza katriji zao na kuziuza tena. Mwaka wa 2017 Mahakama ya Juu ikasema: ukishauza kitu, haki yako ya hataza juu yake imeisha, mwenye amenunua anaweza kuijaza ama kuiuza. Poa sana. Lakini korti haikusema printa lazima ikubali hiyo katriji. Sheria imefungua geti, chipu bado imesimama hapo na rungu.

Ujanja gani sasa? Kama umeamua kutumia wino ya kujaza, usikubali haraka programu mpya kila printa ikikuomba, na kwa mipangilio yake zima ile ya kujisasisha yenyewe. Pia soma boksi kabla ulipe. Kuna printa zenye zimeandikwa wazi zinafanya kazi na chipu za kampuni peke yake. Ukiona hayo maandishi, muulize muuzaji mbele ya risiti, si baada ya risiti.

PRINTA YA KUTOKA MAJUU

Anko amerudi kutoka Marekani na printa kwa begi. Zawadi safi. Lakini angalia vitu mbili kabla uichomeke.

Cha kwanza ni stima. Kenya tunatumia volti 240. Marekani wanatumia 120. Printa nyingi za wino zinakubali zote mbili, lakini za leza mara nyingi zinatengenezwa za upande mmoja, ju ndani kuna hita yenye imepimwa kwa hiyo stima. Geuza mashine, soma ile stika ya nyuma. Ikiwa imeandikwa 100–240V, uko sawa. Ikiwa imeandikwa 110–127V peke yake, ukiichomeka kwa soketi ya Kenya utaskia mlio mmoja, uone moshi, na zawadi iwe imeisha.

Cha pili ni wino. Kuna kampuni hugawanya dunia kwa maeneo. Katriji zenye zinafanana kama mapacha zinapewa namba tofauti, ya Marekani yake, ya Ulaya yake, ya huku kwetu yake. Unaweza kuzunguka Nairobi yote na ile printa ya anko usipate katriji yake, na ile utapata haikubaliki. Kabla mtu akubebee printa, muulize namba ya katriji, alafu wewe uingie mtaa uulize kama inauzwa.

MBONA WINO HUKAUKA NA HATA HUJAPRINTI

Hii ndio malalamiko ya watu wa keja. "Nimeprinti kurasa 10 tangu Januari, mbona wino imeisha?"

Kwanza elewa vile mashine inafanya. Kichwa cha printa ya wino kina matundu madogo sana, membamba kuliko unywele. Canon na HP hutumia joto: wino inachemshwa ghafla, kapovu kanatokea, kanasukuma tone nje. Wasee wa Canon huhadithia kwamba wazo lilikuja mwaka wa 1977, mtafiti akagusisha chuma moto ya kuchomelea kwa sindano yenye wino, wino ikaruka. Epson wao hawachemshi. Wanatumia kadude kenye kanajikunja kikipewa stima, kanasukuma wino kama kidole.

Haya matundu yakikaa bila kazi, wino inakaukia mlangoni. Printa inajua hivyo, so kila mara inajisafisha, na inajisafisha na nini? Na wino yako. Inaivuta kupitia kwa kichwa na kuimwaga kwa sponji yenye iko chini ndani ya mashine. Hiyo ndio wino yenye hukuiona kwa karatasi.

Sasa skiza hii, ju wengi hatuambiwi. Usizime printa ya wino kwa soketi ya ukuta. Zima na kitufe chake. Ukibonyeza kitufe, kichwa kinarudi kona yake na kufunikwa na kakifuniko ka mpira ndio kisikauke. Ukizima ukutani katikati ya kazi, ama stima ikipotea vile hupotea, kichwa kinaweza baki nje wazi, na wino inakauka usiku. Stima ikirudi, washa printa, ingoje itulie, alafu uizime na kitufe. Na kila wiki printi ukurasa mmoja wa rangi zote, hata kama ni meme. Ni rahisi kuliko kununua wino mpya.

Alafu ile sponji. Ikishahesabu imemwaga wino ya kutosha, printa inafunga kazi. Canon huandika 5B00. Epson hukuambia pedi ya wino imefika mwisho. Watu wengi hufikiria mashine imekufa na kuitupa. Haijakufa. Fundi anabadilisha ama anaosha sponji, alafu anarudisha hesabu kwa sifuri na programu. Lakini chunga: kuna mafundi wanarudisha hesabu tu bila kugusa sponji. Utafurahi miezi michache, alafu siku moja utapata wino imemwagika kwa meza na kwa zulia. Muulize fundi akuonyeshe sponji yenyewe.

Kitu kingine cha kujua kabla ununue: kwa zile HP za katriji ndogo, kichwa kiko ndani ya katriji. Kikiharibika, unabadilisha katriji na maisha inaendelea. Kwa Epson za tangi, kichwa kiko ndani ya mashine, na kikiziba kabisa bei yake inauma. So ya tangi ni ya mtu anaprinti kila siku. Ukiiacha miezi mitatu ukienda ocha, unaweza kurudi upate shida.

KARATASI KUKWAMA: KISIRANI CHENYE KILIBADILISHA DUNIA

Karatasi hukwama ju ya vitu tatu: karatasi yenyewe, vumbi, na haraka zako.

Karatasi hunyonya maji ya hewa. Ukifungua rimu Mombasa ama wakati wa mvua Nairobi na uiache wazi, kurasa zinajikunja na kushikana, mbili zinaingia pamoja. Irudishe kwa pakiti yake. Kabla uiweke, ipepete kidogo itengane. Usijaze trei hadi juu. Na zile rola za mpira zenye huvuta karatasi zikishika vumbi zinateleza, ndio maana printa inasema haina karatasi na iko. Zima mashine, chukua kitambaa safi kisichoacha nyuzi, lowesha na maji kidogo, panguza rola, ngoja zikauke. Mara nyingi hiyo inatosha na hujalipa fundi.

Karatasi ikikwama, vuta kwa mikono mbili, pole pole, ukifuata njia yenye ilikuwa inaenda. Ukiivuta kinyume inararuka, kipande kinabaki ndani, na hapo ndio ngori inaanza.

Na kama unadhani ni wewe peke yako umewahi wakia printa, pale chuo cha MIT, Marekani, karibu 1980, Xerox waliwapa maabara moja printa ya leza. Ilikuwa inakwama kila wakati, na ilikuwa gorofa ingine, so unatuma kazi, unaenda kuchukua, unapata imekwama kitambo. Programa mmoja anaitwa Richard Stallman alitaka kuongeza kitu kidogo kwa programu yake, iwaambie watu ikikwama. Akanyimwa ule msimbo wa programu. Akamwendea mtafiti wa chuo kingine mwenye alikuwa nao, huyo akakataa ju alikuwa ameahidi kampuni kuuficha. Stallman alikasirika hadi mwaka wa 1983 akatangaza mradi wa GNU, wa programu zenye kila mtu anaweza kusoma na kubadilisha. Leseni yake ndio Linux hutumia hadi leo, na Linux ndio iko ndani kabisa ya simu yako ya Android. Hasira ya printa moja iko kwa mfuko wako.

"PRINTA HAIPATIKANI" NA IKO MBELE YAKO

Wi-Fi nayo. Jana iliprinti, leo lapi inasema haipatikani. Sababu za kawaida ni hizi.

Printa nyingi za nyumbani zinaona Wi-Fi ya 2.4GHz peke yake. Kama rauta yako ama hotspoti ya simu iko kwa 5GHz, printa ni kama kipofu. Ingia kwa mipangilio ya hotspoti, rudisha 2.4.

Pili, rauta hugawa namba kwa kila kifaa, na ikizimwa na kuwashwa inaweza kuipa printa namba ingine. Lapi inaendelea kutafuta ile ya zamani, kama mtu anapiga simu ya msee amebadilisha laini. Kama unajua kuingia kwa rauta, ipe printa namba ya kudumu. Kama hujui, nunua waya ya USB. Waya haina drama.

Tatu, kazi moja ikikwama kwa foleni, zote za nyuma zinangoja. Ukibonyeza mara 12 umepanga foleni ya kazi 12, na siku ikikubali itakumalizia karatasi. Kwa Windows tafuta Services, shuka hadi Print Spooler, bonyeza Restart. Foleni inapumua.

MAUSI: KIPANYA CHA BEI RAHISI, KIBURI CHA SIMBA

Sasa mausi. Historia yake ni ya kuhuzunisha kidogo. Douglas Engelbart ndio alikuja na wazo, mwenzake Bill English akaunda ya kwanza mwaka wa 1964, ya mbao, na magurudumu mawili chini. Tarehe 9 Desemba 1968 Engelbart akaionyesha watu San Francisco. Hataza ilitoka 1970, ikaisha 1987, kabla mausi haijaingia kila nyumba. Mtu mwenye wazo lake limeshikwa na kila mkono duniani hakupata mrabaha.

Shida ya kwanza ni ile ya kuklik mara mbili. Chini ya kila kitufe kuna kaswichi kadogo kenye kachuma kanapinda na kurudi. Za maana hupimwa kwa mamilioni ya kuklik. Ikizeeka ama ikishika kutu, hako kachuma kanadunda, na kompyuta inaona miguso miwili. Si virusi, usilipe mtu aondoe virusi. Ni kaswichi. Fundi wa Luthuli mwenye chuma ya kuchomelea anaweza kukatoa na kuweka kengine. Kwa mausi ya soo nne haina maana, nunua ingine. Kwa mausi ya gemu ya thao kadhaa, badilisha swichi, itaishi tena.

Shida ya pili ni mshale kuruka. Mausi ya siku hizi ina kakamera chini, kanapiga picha zaidi ya 1,000 kwa sekunde na kulinganisha vile meza imesonga. Ukiiweka juu ya kioo ama meza ya kung'aa, picha zote zinafanana, inapotea. Huhitaji pedi ya bei. Gamba la daftari linafanya. Pia geuza uangalie kama kuna unywele umekwama kwa hako kashimo.

Ya tatu ni ya wenye mausi bila waya. Kale kadude ka USB hutumia 2.4GHz, ile ile ya Wi-Fi na Bluetooth. Na zile soketi za USB 3, mara nyingi za bluu, zikifanya kazi na diski hutoa kelele kwa mawimbi hayo. Intel wenyewe waliandika kuhusu hiyo mwaka wa 2012. So kama mausi inakwamakwama ukiwa umechomeka diski, hamisha kale kadude upande mwingine wa lapi.

Ukidhani ni za bei rahisi tu ndio zina vituko, angalia Magic Mouse ya Apple. Tangu 2015 shimo lake la chaji liko chini ya tumbo. Ukiichaji, inalala chali kama mende, hutumii. Mwaka wa 2024 walibadilisha waya kuwa USB-C, shimo wakaliacha hapo hapo.

KABLA UTOE DOO

Tumalize na hesabu, ju hapo ndio maneno yote yanaishia.

Kama unaprinti kurasa 20 kwa mwezi, yaani notsi, CV na fomu ya good conduct mara moja moja, usinunue printa. Kurasa 240 kwa mwaka kwa kinde ni 2,400. Hiyo haikununulii hata katriji mbili kwa bei tulizoweka. Weka faili zako kwa simu kama PDF, enda saiba, toka. Lakini ukimaliza, futa faili yako kwa kompyuta yao na utoke kwa imeili yako. Kitambulisho chako si cha kuachia kila mtu.

Kama unaprinti maandishi meusi tu, si kila siku lakini mengi ukiprinti, angalia leza ndogo. Tona ni unga wa plastiki unaoyeyushwa na joto, haukauki hata ukiacha miezi sita, na mafundi wa tao wanaijaza. Uliza tu kama tona ya ndani ya boksi ni kamili ama ni ile ya kuanzia, ju mara nyingi imejazwa nusu. Na usiichomeke kwa UPS ndogo ama solar ya keja. Hita yake inavuta stima kwa nguvu.

Kama unafungua biashara ya kuprinti na una uhakika wa kurasa 300 kwenda juu kwa mwezi, ya tangi ndio yako. Iweke kazi kila siku, izime na kitufe, na uweke kando bob moja ya kila ukurasa ju ya siku sponji itajaa.

Na ile ndogo ya katriji yenye bei inakuita kwa dirisha la duka? Ina watu wake, ila ni wachache: mtu lazima aprinti usiku ama asubuhi kabla saiba ifunguliwe, na yuko tayari kulipia hiyo. Kama si wewe, pita nayo.

Mashine ikikufia kabisa, usiichome kwa jalala. Kuna wino, plastiki na chuma humo ndani. WEEE Centre hapa Nairobi huchukua takataka za vifaa vya stima. Ama mpe fundi, atatoa rola na mota za kuokoa ya mwingine.

Sasa tuambie. Wewe printa yako ilikuangusha siku gani, na ulikuwa unaprinti nini?